Kumenya Ndizi kwa Jjajja

Mwalimu wetu alitutaka tuandike kuhusu kazi moja ndogo ya kila siku, kazi ambayo mtu huifanya huku akili yake iko kwingine. Wenzangu walichagua kuchota maji, kupiga pasi sare za wadogo zao, kusubiri taksi asubuhi. Mimi nilisema nitaandika kuhusu kumenya ndizi. Darasa zima likacheka. Mwenzangu mmoja anayetoka Mbale akasema, "Nyinyi Waganda hata insha zenu zina matoke." Nilicheka pia, maana ni kweli. Lakini sikubadilisha.

Kwanza nieleze ndizi zenyewe, kwa sababu msomaji wa Mombasa au Tanga akisikia ndizi huenda akafikiria kitu kingine. Nilipoanza kujifunza Kiswahili, neno hili lilinisumbua. Katika Kiganda, "ndiizi" ni zile fupi tamu tu, zinazoliwa zikiwa mbivu. Zile ndefu za kuiva ni "bogoya". Za kuchoma ni "gonja". Za kutengenezea pombe ni "mbidde". Na zile za kijani za kupika, ambazo kwetu ndizo chakula chenyewe, ni "matooke", nazo zina majina yao tena: nakitembe, kibuzi, mbwazirume, na mengine mengi ambayo mimi, mtoto niliyekulia mjini, siwezi kuyamaliza. Mswahili anazikusanya zote na kuziita ndizi. Mwanzoni niliona ni uvivu. Siku hizi naona ni suala la nani anaishi na nini. Mvuvi wa pwani ana majina ya pepo na ya sehemu za jahazi ambayo mimi ningeyaita upepo na mbao.

Basi, ninazozimenya mimi ni matoke. Nazimenya kila Jumamosi kwa bibi yangu, Jjajja kama tunavyomwita, katika wilaya ya Wakiso, mwendo wa saa moja hivi kwa taksi kutoka Kampala kama barabara haina foleni. (Ina foleni kila siku.) Nikifika napiga magoti kumsalimu, tunaulizana habari za nyumbani, na kabla sijamaliza kujibu ameshanipa kisu.

Tunakaa nyuma ya jiko, chini ya mparachichi. Jjajja anakaa mkekani, miguu ameikunja upande mmoja. Mimi kwa miguu yangu ya kukaa kwenye viti nageuka-geuka kila baada ya dakika tano. Mkungu unakatwa chane moja moja. Unapaka viganja mafuta ya kupikia kidogo, kwa sababu utomvu wa ndizi, ukiutazama unapotoka, ni kama maji tu, lakini ukikauka huwa mweusi, na ukiingia kwenye nguo ndiyo basi. Unakata ncha, unapitisha kisu chini ya ganda, unalivuta, unazungusha ndizi, unavuta tena. Iliyomenywa inaingia kwenye beseni la maji isije ikabadilika rangi. Maganda yanarudi kwa mbuzi.

Jjajja hatazami mikono yake. Kisu chake kimenolewa kwenye jiwe miaka mingi mpaka kimekuwa chembamba kama jani, na ganda linatoka jepesi, bila nyama, bila kuacha hata mstari mmoja wa kijani juu ya ndizi. Mimi namenya nene. "Unawapikia mbuzi," huniambia.

Zikiisha kumenywa zinafungwa katika majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni ili yasipasuke. Uti wa majani unakatwa vipande na kupangwa chini ya sufuria, maji yanatiwa, na mzigo wa ndizi unakaa juu ya zile nyuti, haugusi maji. Chakula hiki hakichemshwi, kinaiva kwa mvuke. Kikiiva kinatolewa, kinapondwa kwa viganja juu ya majani yake kikiwa bado cha moto sana, kisha kinarudishwa kwenye moto mdogo, na pale kinaweza kukaa saa nyingi kikizidi kulainika. Mpishi asiyekiacha hapo ana haraka zake. Kazi kubwa ya mtoto katika muda huo wote ni maji. "Ongeza maji," Jjajja husema. Nikiongeza, baada ya muda mfupi husema tena. Tangu nikiwa na miaka sita nimekuwa nikimwambia kwamba maji bado yamo, nayasikia yakichemka. Hasikilizi. Ongeza maji.

Sasa niseme jambo lililonifanya nichague kazi hii.

Ada yangu ya chuo inalipwa na watu watatu. Mama analipa sehemu kubwa, mjomba analipa anapokumbushwa, na Jjajja anajazia. Anajazia kwa mikungu. Kila muhula mpya ukikaribia, mfanyabiashara huja na pikapu kijijini, na Jjajja hukata mikungu aliyokuwa akiilinda. Kwa hiyo nikisema kwamba nimesomeshwa na ndizi sifanyi mzaha. Kwa mwaka mzima wa kwanza Jjajja aliuza ndizi akijua kwamba nasomea ualimu. Ni kweli, nasomea ualimu. Ambacho sikumwambia ni somo nitakalofundisha. Mama alinionya: "Usimwambie ni Kiswahili. Siyo sasa." Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza sana, maana katika Buganda si ajabu mzee kuchukia Kiswahili. Tumekua tukisikia kwamba ni lugha ya askari na ya wezi. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua tena juu ya jambo hilo hilo. Tarehe 7 ya mwezi huo sisi wanafunzi tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa nyimbo na hotuba. Lakini Katiba haiingii chini ya mparachichi wa Jjajja.

Nilikipenda Kiswahili kwa sababu ambayo wenzangu wanaona ni ya kitoto. Nilipofunguliwa mlango wa ngeli nilijikuta nimeingia nyumbani. Omuntu, abantu; mtu, watu. Omuti, emiti, mti, miti. Ekitabo, ebitabo, kitabu, vitabu. Ilikuwa kama kukutana na binamu ambaye hujawahi kumwona lakini anatembea kama baba yako. Binamu huyo ana hila pia. Jumamosi moja nilijisahau nikamwuliza Jjajja kama nimenye chane ya mwisho, na katika sentensi yangu ya Kiganda lile neno "kumenya" likaponyoka. Kumenya ndizi kwa Kiganda ni "okuwaata". "Okumenya" kwetu ni kuvunja. Jjajja akanitazama: "Kwa nini uzivunje?" Nikajifanya ulimi umeteleza. Akaendelea na kazi, lakini niliona amenitazama mara ya pili.

Mwezi wa Machi mwaka jana tulipewa zoezi: tunga sentensi tano ukitumia neno "panda" kwa maana tofauti. Nililichukua zoezi kwa Jjajja kwa sababu lilitakiwa Jumatatu. Daftari lilikuwa juu ya kigoda, mikono yangu ilikuwa na utomvu, na nilikuwa nikizitunga sentensi kwa sauti ya chini huku namenya. Mkulima anapanda mahindi. Mtoto anapanda mti. Bei ya sukari imepanda. Walikutana kwenye njia panda. Ya tano ilikuwa rahisi kuliko zote, nikaisema kwa sauti kidogo, kama mtu anayefurahi kumaliza: Abiria wanapanda gari.

Sikusikia kisu chake kikianguka, nilisikia tu kwamba sauti ya maganda imekoma. Nilipoinua kichwa Jjajja alikuwa ameinuka. Mwanamke wa karibu miaka sabini, ambaye huinuka kwa hatua tatu na kwa kunung'unika, alikuwa amekwisha simama. Aliingia ndani akafunga mlango. Nilimaliza kumenya peke yangu, nikazifunga vibaya, nikapika, nikaongeza maji bila kuambiwa. Hakutoka kula. Jioni nilirudi mjini, na katika taksi kondakta alipotuhimiza tuingie nilijikuta natetemeka, ingawa yeye alisema kwa Kiganda.

Mama ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache, kupitia simu. Baba yake, yaani babu yangu, alichukuliwa mwaka 1983. Mama alikuwa mtoto wa miezi minne. Katika miaka ile askari walikuwa wakizunguka mitaa na vijiji vya upande wetu wakitafuta wapiganaji wa msituni. Waliwatoa wanaume nje, wakawachagua, na waliochaguliwa wakaamriwa kwa Kiswahili waingie kwenye lori. Amri yenyewe ilikuwa maneno mawili. Watu waliyageuza maneno hayo kuwa jina la operesheni zenyewe, na mpaka leo ukimwambia Mganda wa umri ule "panda gari" hatafikiria safari. Nilikuwa nimelisoma jambo hili katika historia ya nchi yangu. Nililijua kama mwanafunzi anavyojua, kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba lilikuwa limekaa nasi mkekani kila Jumamosi.

Wiki nzima nilifikiria kuliacha somo. Nilienda hata kuuliza kama ninaweza kuhamia Jiografia. Jumamosi nilipofika nilipiga magoti, nikasalimu, nikasubiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha. Jjajja akanipa kisu.

Tulimenya chane mbili bila neno. Halafu akaanza kusema, macho yake yakiwa kwenye mkungu, na mimi nikajua nisiinue yangu. Nimefikiri sana juu ya hili baadaye. Jjajja asingeweza kuniita sebuleni, akaniketisha kwenye kochi, akanisimulia. Wala mimi nisingeweza kukaa nikimtazama usoni akisema. Lakini mikono ikiwa na kazi, na ndizi zikiwa nyingi, maneno yana mahali pa kupita. Ukikwama katikati ya sentensi unachukua ndizi nyingine, na hakuna anayeona kwamba umekwama.

Alisema asubuhi ile alikuwa amekwisha injika sufuria. Askari walipoondoka na babu, wanawake waliambiwa kwamba ni maswali tu, wanaume watarudi jioni. Kwa hiyo hakukiepua chakula. Alikipunguzia moto, akakiacha kinalainika, maana mtu aliyehojiwa siku nzima atarudi na njaa. Maji yakipungua aliongeza. Usiku ulipoingia aliongeza. Mtoto alilia, akamnyonyesha, akaongeza maji. "Nilisinzia alfajiri," alisema. "Nilipoamka majani yalikuwa yameungua." Akachukua ndizi nyingine, akakata ncha.

Sikujibu. Katika Kiswahili nimefundishwa maneno mengi ya rambirambi, na katika Kiganda nimezaliwa nayo, lakini hayakuja hata moja. Niliinuka nikaenda kuongeza maji. Sufuria ilikuwa haijapungua hata kidogo.

Tulipokuwa tukila nilimwambia kwamba ninaweza kubadilisha somo, kwamba bado kuna nafasi. Akaniuliza kama chuo kitarudisha ada. Nikasema hapana. "Basi utanirudishia wewe mikungu yangu?" Nikasema hapana. "Soma," akasema. "Lakini lile neno usilitamke hapa."

Nilitamani kumwonyesha kwamba Kiswahili si lile neno tu. Mwanafunzi akijifunza jambo hukimbia kulionyesha. Nikangoja wiki mbili, kisha nikaanza kumhesabia vitu vya jikoni mwake. Sefuliya, nikasema, ni sufuria. Ssowaani ni sahani. Kijiiko ni kijiko. Ssabbuuni ya kuoshea vyombo ni sabuni. Ddirisa hilo ni dirisha, kkufulu ya mlangoni ni kufuli, na hata saa zako, Jjajja, unazihesabu kama Waswahili, asubuhi ni saa moja. Maneno haya, nilimweleza kwa fahari, yalikuja na wafanyabiashara wa pwani waliofika kwa Kabaka katika karne ya 19. Kwa hiyo umekuwa ukisema Kiswahili maisha yako yote.

Aliniacha nimalize. "Nani alikwambia sijui?" akaniuliza. Baba yake mwenyewe, kumbe, alikuwa na duka dogo, akiuza sabuni na chumvi, na alikisema Kiswahili vizuri na madereva waliotoka Kenya. Jjajja alipokuwa msichana alijua kuhesabu mpaka mia. "Sefuliya ni sefuliya," akasema. "Haikunigongea mlango." Na mazungumzo yakaishia hapo. Niliona aibu. Nilikuwa nimedhani namletea habari, kumbe alikuwa ameijua lugha kabla yangu na ameiweka kando kwa sababu zake, kama mtu anavyoliweka kando vazi alilolivaa siku ya msiba.

Basi nikajifunza kuishi bila neno moja. Si rahisi kama unavyofikiri, msomaji. Mazoezi yangu niliendelea kuyafanya chini ya mparachichi, kwa sauti ya chini, naye hakunikataza, lakini kila sentensi ilibidi niipitishe mlangoni kwanza niikague. Mtu hakupanda mlima, aliukwea. Bei haikupanda, ilipaa. Msafiri hakupanda basi, aliingia garini, au, siku nilizotaka kujionyesha, aliabiri. Miche iliatikwa, mbegu ziliotesha shamba zima. (Sentensi hiyo ya mwisho ni makosa, mwalimu aliizungushia wino mwekundu, kwa sababu mbegu haziwezi kuotesha chochote, huoteshwa.) Mwisho wa muhula mwalimu aliandika chini ya kazi yangu kwamba nina msamiati mpana. Sikumwambia umetoka wapi.

Mwaka huo huo mnyauko uliingia kwenye shamba la Jjajja. Ni ugonjwa wa bakteria ambao ulionekana kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 2001, na wakulima wa ndizi wanauogopa kama moto. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake mkunguni, na ukizikata ndani zimeoza. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea lile ua dume linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, na unasambazwa pia na visu na mapanga yetu sisi wenyewe, tunapokata mgomba mgonjwa na kuhamia kwa mzima. Bwana shamba aliwafundisha wanakijiji kuunguza visu motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuliondoa lile ua bila kisu kabisa, kwa mti mrefu wenye ncha mbili: unalibana katikati, unazungusha, linakatika.

Jjajja haoni vizuri juu, kwa hiyo kazi hiyo nikaichukua mimi. Nilikata tawi la mpera lililogawanyika vizuri, nikatembea shambani shingo nimeiinua, nikibana na kuzungusha, na nikakumbuka kwamba tawi la namna ile, kwa Kiswahili sanifu, huitwa panda. Mti wenye panda. Lilikuwa mkononi mwangu. Nilicheka peke yangu kati ya migomba, kicheko cha mtu aliyechoka, nikaendelea. Jumla tuling'oa migomba iliyougua kumi na moja. Muhula uliofuata mikungu haikutosha na mjomba ilibidi akumbushwe mara nyingi zaidi.

Migomba iliyong'olewa lazima irudishiwe mingine baada ya muda, udongo ukishapumzika. Ilikuwa mwaka huu mwezi wa Aprili, mvua imeshika. Tulipata machipukizi safi kutoka kwa jirani ambaye shamba lake halikuguswa. Mimi nilichimba mashimo, Jjajja akaketi kwenye kigoda akinielekeza, akiuelekeza mkono wangu kwa fimbo yake, kidogo huku, kidogo kule. Nilikuwa na mtihani wa mdomo siku ya Jumanne na mikono yangu ilikuwa tayari imekwisha haribika, nyeusi mpaka kwenye kucha.

"Hii kazi," Jjajja akasema ghafla, "Waswahili wanaitaje?"

Kwa Kiganda tunaiita "okusimba". Neno hilo hilo tunalitumia tunapoegesha gari: unasimba mgomba, unasimba motoka. Nilijifuta jasho ili nipate muda.

"Kuotesha," nikasema.

"Hilo tu?"

"Kuatika."

Alinitazama, na mimi nikatazama shimo. Baba yake alikuwa na duka. Alijua kuhesabu mpaka mia. Hakuwa anauliza kwa sababu hajui.

"Kupanda," nikasema.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kubwa kubwa juu ya majani, unajua sauti ile. Jjajja alikaa kimya kwa muda. Halafu akainama, akachukua chipukizi kutoka kwenye rundo lililokuwa karibu na miguu yake, akaligeuza akikagua mizizi, akalikwangua kwa kucha penye sehemu iliyooza, akanipa.

"Chimba zaidi," akasema. "Hilo shimo ni la viazi."

Nikachimba zaidi. Bado akisikia taarifa ya habari ya Kiswahili redioni huizima, na sijawahi kumsalimu "shikamoo", wala sidhani kama nitamsalimu hivyo. Jumanne niliingia kwenye mtihani wa mdomo na vidole vyeusi, na mtahini, mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, aliniuliza kama nimekuwa nikitengeneza magari. Nikamwambia hapana, mwalimu, nimekuwa nikimenya ndizi. Akaniomba nimweleze zinavyomenywa, na nikaeleza mpaka muda ukaisha.